Cisco 2503 kwenye laini ya ISDN: ruta ni imara, bili ipo mikononi mwa anayeisanidi

Kwa ofisi mbili zilizo mbali zilizotaka laini ya ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali, inayopigwa pale tu penye kazi, Cisco 2503 ilikuwa ruta ya kuaminika. Ina tundu moja la BRI (la laini ya ISDN), mawili ya serial, na moja la Ethernet (la mtandao wa ofisi). Hilo la Ethernet ni la AUI lenye pini 15, kwa hiyo ongeza transiva, kigeuzi cha kuunganisha AUI na kebo ya mtandao, kwenye manunuzi. Kebo ya RJ-45 haiingii humo moja kwa moja.

BRI yake ni ya aina ya S/T, yaani huhitaji kisanduku cha NT1 kati yake na laini ya simu. Ulaya, kisanduku hicho kililetwa na kampuni ya simu. Marekani mteja alijinunulia, na mara nyingi alipewa pia namba za SPID, za kutambulisha laini yake, za kuingiza.

Usanidi wa makao makuu ni huu (ofisi ya pili inaitwa Tawi; CHAP ni ukaguzi wa jina na nenosiri simu inaposhika):

hostname Makao
username Tawi password siri7
isdn switch-type basic-net3
interface BRI0
 ip address 10.1.1.1 255.255.255.252
 encapsulation ppp
 ppp authentication chap
 dialer map ip 10.1.1.2 name Tawi 5552000
 dialer-group 1
ip route 192.168.2.0 255.255.255.0 10.1.1.2
dialer-list 1 protocol ip permit

Basic-net3 ni aina ya swichi ya simu ya Ulaya. Marekani kampuni ya simu iliulizwa kama swichi yao ni basic-ni, basic-5ess au basic-dms100. Kisha andika show isdn status. Mstari wa Layer 2 (ngazi ya mawasiliano kati ya ruta na swichi) ukisoma MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED, upande wa simu uko sawa. Simu ikishika na kukatika baada ya sekunde chache, washa debug ppp authentication: mara nyingi jina la username halilingani na hostname ya upande wa pili, hata kwa herufi kubwa na ndogo, au nenosiri si lile lile pande zote mbili.

Mstari wa mwisho wa usanidi huo ndio wa kuogopa. Unaruhusu pakiti yoyote ya IP kupiga simu. Laini hukatwa baada ya sekunde 120 za ukimya, lakini NTP, huduma ya kulinganisha saa, inaweza kuuliza kila sekunde 64, na kompyuta za Windows huulizia majina kwa seva ya ng'ambo. Laini haikatiki mchana wala usiku, na kila dakika inalipiwa. Badilisha hivi (123 ni namba ya NTP, 137 ya majina ya Windows):

access-list 101 deny udp any any eq 123
access-list 101 deny udp any any eq 137
access-list 101 permit ip any any
dialer-list 1 protocol ip list 101

Wengi hapa hukosea kuelewa: deny hiyo haizuii pakiti kupita. Laini ikiwa hewani, NTP itapita kama kawaida. Inachonyimwa ni uwezo wa kupiga simu na wa kurudisha saa ya ukimya mwanzo. Ili laini isipigwe bure, tumetumia pia njia ya kudumu (ip route) badala ya RIP, itifaki inayotangaza njia mara kwa mara, na kwenye dialer map neno broadcast hatukuliweka, kwa makusudi.

Amri ya ppp multilink pamoja na dialer load-threshold 128 either huongeza chaneli ya pili mzigo ukifika nusu, jumla kbps 128. Ni simu mbili, zinalipiwa mbili.

Wanaonunua ruta mbili za mazoezi wajue: BRI haziungani ana kwa ana kwa kebo kama serial, maana zote ni upande wa mteja. Lazima pawe na kiigizi cha ISDN au PABX (swichi ya simu ya ofisi) yenye ISDN katikati.