Dakika 11 za mizinga, wiki 6 za milima: vita vya Tanganyika kwenye tivi

Vipindi vitatu vya vita maarufu vimepita tena mwezi huu kwenye idhaa ya historia, katika buke (kifurushi cha vituo vya tivi) ya Kifaransa tunayoipata hapa Lubumbashi. Nimevitazama vyote, kimoja mara mbili nikiwa na saa mkononi. Hicho ndicho kinachotuhusu sisi wa Katanga: vita vya Ziwa Tanganyika, 1915 na 1916. Nakipa nyota 3 kwa 5. Mbili zilizopungua zilidondoka njiani, kati ya Fungurume na Sankisia.

Kipindi ni cha dakika 52. Pambano la 26 Desemba 1915, lililodumu kama dakika 11 tu, limepewa 15: moshi wa kompyuta, maji yanaruka, msimulizi ameshusha sauti. Safari nzima ya kuzifikisha ziwani boti za Waingereza, Mimi na Toutou, imepewa 4. Hiyo ni shati iliyovaliwa nyuma mbele. Wajerumani walilishika ziwa tangu 22 Agosti 1914, meli yao Hedwig von Wissmann ilipoilemaza Alexandre Delcommune ya Wabelgiji. Hawakutazamia boti ya vita ishuke kutoka milimani. Siku Mimi na Toutou zilipogusa maji, kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Boti mbili za mbao, kila moja mita 12, zilifika Cape Town Julai 1915, zikapanda treni, zikapita Élisabethville, yaani mji wetu huu, zikashushwa Fungurume, mahali reli ilipoishia. Kutoka hapo hadi Sankisia ni zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba, kimo cha mita 1,800 na zaidi. Matrekta mawili ya mvuke yalivuta. Palipowashinda, maksai na kamba. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa. Trekta la mvuke ni mlevi wa maji, na ilikuwa kiangazi, kwa hiyo wanawake wa vijijini waliyabeba kwa mitungi kichwani. Mamia ya wanaume walifyeka njia. Karibu wiki 6. Halafu treni fupi hadi Bukama, kisha Lualaba iliyopungua maji, boti zikifungiwa mapipa matupu ili ziinuke, kisha reli tena kutoka Kabalo hadi Lukuga, Kalemie ya leo. Picha za mnato za safari hiyo zipo. Kipindi kimechagua kutuonyesha migongo ya wavutaji kwa sekunde chache, bila neno.

Tena kinauchora mji wetu kama kibanda cha porini. Treni ilifika hapa 1910, na tanuru la shaba lilianza kuyeyusha 1911.

Pale kwenye pambano, sifa wapewe. Mzinga wa makombora ya ratili 3 ulifungwa mbele ya kila boti; ukiufyatua kwa upande, teke lake lingeweza kupindua boti, kwa hiyo nahodha alielekeza pua yote kwenye shabaha. Kingani, meli ya Wajerumani waliyopambana nayo siku hiyo, nayo mzinga wake ulipiga mbele tu. Ndiyo sababu iliachwa ipite, ikafuatwa kwa nyuma. Mchoro wa kipindi unaliona hili kutoka juu, polepole, na kipimo cha mita kimewekwa pembeni. Nyota zote 3 zimetoka hapo. Mwisho unaharibika tena: unaacha mtazamaji aamini kwamba Waingereza waliizamisha Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani ziwani. Hawakuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, 26 Julai 1916, majeshi ya nchi kavu yalipokuwa yanakaribia. Baadaye iliibuliwa, ndiyo meli Liemba.

Kwa picha za zamani, tazama kofia. Kofia ya chuma ya Mjerumani, ile inayofunika masikio, ilianza kutumika 1916. Kipindi kimeichomeka katika Desemba 1915, juu ya mahandaki ya Ulaya, wakati msimulizi anataja Tanganyika! Tazama pia mwendo: kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha kama 16 kwa sekunde, na tivi inarusha 25. Mtu akitembea kama anayekimbilia treni, hawakujisumbua kurekebisha. Na picha ya zamani ya umbo la 4 kwa 3 ikikuzwa kujaza kioo kipana cha 16 kwa 9, robo yake imekatwa, juu na chini, mara nyingine pamoja na miguu ya wabebaji.

Kipindi cha Isandlwana, pambano la Wazulu na Waingereza huko Afrika Kusini, 22 Januari 1879, ni bora: nyota 4. Kinaeleza vizuri mbinu ya Wazulu ya pembe za nyati, kifua kikimshikilia adui huku pembe mbili zikizunguka. Lakini bado kinarudia hadithi ya masanduku ya risasi yasiyofunguka. Kifuniko kilishikwa na skrubu moja. Pigo la kitako cha bunduki lilitosha. Waingereza walisambaa mno mbele ya Wazulu kama 20,000, mstari ukawa mwembamba na mbali na kambi.

Cha Stalingrad, nyota 2. Vifaru vya Kisovieti vya T-34 vyenye mzinga wa milimita 85 havikuwepo 1942, na kukumbatiana kwa wanajeshi wa Kisovieti karibu na mji wa Kalach kuliigizwa baadaye mbele ya kamera bila kipindi kusema.

Mnaotaka kurekodi: mvua ya Januari inakata mawimbi, na giza la mapigano ya usiku linageuka vijumba-vijumba. Ngojeni marudio ya kiangazi. Kuran, yaani umeme, ikikatika katikati, dekoda yangu huacha faili lisilofunguka, basi iunganisheni na betri. Cha Tanganyika kirekodini kuanzia dakika ya 22, mchoro unapoanza.