Sanamu za shaba za miungu ya Kihindu: ipi ununue, ipi uiache

Ganesha wa kwanza niliyemnunua, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, alikuwa zawadi ya Diwali kwa jirani yangu, mama wa Kigujarati wa ghorofa ya chini. Dukani aling'aa kama pete ya bibi harusi. Jirani alimpokea kwa mikono miwili, akampimapima uzito kimyakimya, akashukuru, kisha akamweka juu ya friji. Kwenye kimadhabahu chake cha nyumbani hakumpeleka. Baada ya miezi miwili rangi ilibanduka mkongani, chini yake pakatokea plastiki ngumu nyeupe. Tangu hapo sinunui kwa macho.

Anza na uzito. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 8.5, alumini ina 2.7. Ukiwa na mizani ya jikoni na jagi lenye vipimo, pima sanamu, kisha izamishe uone maji yamepanda kiasi gani. Ya gramu 850 ikipandisha mililita 100 hivi, ni shaba. Ikipandisha 300, umeuziwa alumini. (Kama ina uwazi ndani, iinamishe majini hewa yote itoke kwanza.) Beba na sumaku pia: ikinasa, ndani mna chuma. Halafu pindua utazame kitako, maana wapo wanaojaza plasta humo, nawe ukalipia plasta kwa bei ya shaba.

Kwa wanunuzi wengi, namba moja kwangu ni Ganesha au Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, wa kiganjani kutoka Moradabad, mji wa jimbo la Uttar Pradesh, India, unaoitwa Pital Nagri, yaani mji wa shaba. Mafundi wa huko humimina shaba kwenye kalibu za mchanga, kisha hupiga tupa na kuchonga nakshi kwa mkono. Kazi hutofautiana sana, kwa hiyo mtazame uso. Macho yasiyolingana au vidole vilivyogandana ni dalili ya kalibu iliyochoka.

Namba mbili ingekuwa ya kwanza kama fedha si tatizo: sanamu za Swamimalai, kijiji cha jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, karibu na Kumbakonam. Hizi huwa za shaba nyeusi (shaba nyekundu na bati) au mchanganyiko wa metali tano uitwao panchaloha. Fundi, yaani sthapati, hukata ukuti wa mnazi kwa urefu wa sanamu anayoitaka, akaukunja na kuukunja tena mpaka apate vipimo vya uso, kifua na magoti. Huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo wa mto Kaveri, huyeyusha nta itoke, kisha humimina metali. Kalibu huvunjwa, basi hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa. Ukinunua Nataraja, mnunue hapa: Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, kigoma mkono mmoja kwa uumbaji, mwali wa moto mkono mwingine kwa maangamizi, na chini ya mguu kibete Apasmara, yaani ujinga.

Namba tatu ni dhokra, sanamu za shaba za kumimina kwa nta, kutoka Bastar, jimbo la Chhattisgarh. Fundi huzungushia umbo nyuzinyuzi za nta, shaba huchukua nafasi yake, na umbo lake ni la kijijini. Mimi naipenda kwa sebule kuliko kwa ibada.

Mwisho wa orodha ni plastiki ya rangi ya dhahabu. Na ukiambiwa "hii ni ya kale kutoka hekaluni", ondoka. Sheria ya India ya 1972 inakataza watu binafsi kusafirisha nje sanamu za zaidi ya miaka 100. Jumba la sanaa la taifa la Australia lilinunua Nataraja mwaka 2008 kwa dola milioni 5 za Marekani, akarudishwa India 2014 kwa sababu aliibiwa.

Kama ni zawadi, uliza kabla ya kuchagua mungu. Ganesha huondoa vikwazo, ndiyo maana hukaa mlangoni na kwenye maduka. Pembe yake moja imevunjika kwa makusudi, usirudishe dukani. Familia nyingi hupendelea mkonga uliopinda kushoto kwake, kwani wa kulia hudai ibada kali zaidi. Lakshmi wa nyumbani awe ameketi juu ya yungiyungi. Saraswati, mungu wa kike wa elimu, mwenye vina (ala ya muziki ya nyuzi), humfaa mwanafunzi. Usimweke yeyote sakafuni wala karibu na viatu.

Huku pwani hewa ya chumvi huifanya shaba iwe nyeusi haraka. Jirani yangu hufanya hivi wiki moja kabla ya Diwali: huloweka ukwaju, husugua kwa vidole, huingia kwenye mikunjo kwa mswaki laini, husuuza sana, na hukausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba, kwani asidi ikibaki kwenye mikunjo huacha ukijani. Sanamu yenye vanishi haipelekwi kwenye ukwaju, futa vumbi tu. Ya Swamimalai iliyotiwa weusi usiisugue kabisa. Ule weusi umelipiwa.

Wa pili niliyempelekea alikuwa wa Moradabad, gramu 900. Huyo hayupo juu ya friji.