Miezi mitatu na Ghost: nilianza kwa kutafuta mlango wa kutokea

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kufungua akaunti ya Ghost, jukwaa la kuandikia blogu, ni kujaribu kuondoka. Sikuchagua mwonekano wa blogu, sikuweka picha yangu, wala sikuandika zile sentensi mbili za kujitambulisha. Niliandika machapisho matatu ya majaribio, nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mahali pa kupakua kila nilichoandika.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jukwaa langu la kwanza la blogu lilifungwa. Taarifa ilitumwa kwenye barua pepe niliyokuwa nimeshaacha kuitumia, na nilipokuja kushtuka, kilichobaki kwenye ile anwani ni ujumbe wa kuaga tu. Miaka sita ya kuandika. Humo mlikuwa na simulizi za bibi yangu, ambazo nilikuwa nikiziandika usiku uleule aliponisimulia, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hayajanitoka. Nyingi nilizipata kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive. Maneno yalirudi, picha zikabaki visanduku vitupu. Simulizi mbili sikuzipata kabisa, na bibi hayupo tena nikamuulize. Yaliyonikuta yaliwakuta wengi: GeoCities, iliyokuwa ikihifadhi kurasa za watu binafsi, ilizimwa mwaka 2009, na Posterous, jukwaa la blogu, mwaka 2013, na aliyechelewa kubeba vyake ndiyo basi tena.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Ghost ikoje, naanzia hapo. Kupakua kulichukua sekunde chache. Nilipata faili moja la JSON, yaani la maandishi matupu yaliyopangwa kwa mfumo maalumu, nikalifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, nikatafuta sentensi moja niliyoikumbuka. Ilikuwepo, pamoja na kichwa cha chapisho, tarehe na lebo zake. Nikafungua blogu nyingine tupu, nikaliingiza faili lile humo, na machapisho yote matatu yakajipanga kama yalivyokuwa. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikaa nikiitazama ile orodha fupi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Ila lijue hili mapema: faili hilo hubeba maandishi na anwani za picha, picha zenyewe hazimo. Mimi sasa kila picha huiweka kwanza kwenye folda yangu, ndipo naipakia. Orodha ya wasomaji waliojisajili hupakuliwa peke yake, kama faili la CSV, yaani jedwali linalofunguka kwenye programu kama Excel.

Kinachonipa imani zaidi ni kwamba Ghost ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Ilianzishwa na John O'Nolan na Hannah Wolfe mwaka 2013 kwa michango iliyokusanywa kupitia Kickstarter, na iko chini ya taasisi isiyogawana faida. Unaweza kuwalipa wao wakuendeshee, au ukaisimika kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Programu ni ileile. Huduma ya kulipia ikikushinda kesho, unahamia kwenye seva yako bila kujifunza upya.

Sasa kuandika kwenyewe. Ukurasa ni mweupe, hauna utepe wa vitufe juu yake. Ukitaka kuweka picha au mstari wa kugawa, unabonyeza alama ya mkwaju (/) na orodha inafunguka palepale ulipo. Ukianza mstari kwa alama mbili za reli (##) na nafasi, mstari unageuka kichwa kidogo. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilikuwa bado vinatafuta vitufe vya zamani. Wiki ya pili niliona kwamba namaliza rasimu bila kuinua macho, na hilo halijanitokea kwingine kokote.

Jambo moja linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Nilipoandika chapisho lenye neno “kung'ang'ania” kwenye kichwa, anwani ya ukurasa ilijitunga yenyewe ikawa “kungangania”, bila vibainishi. Kiungo hakivunjiki, lakini neno ni jingine, maana sisi tunajua kwamba ng' si ng. Kwa kichwa kama hicho ni bora uandike anwani kwa mkono, kwa neno lingine lisilo na utata, kabla hujachapisha. Ukishachapisha, watu wamekwishasambaza.

Kuhamisha machapisho yangu 112 kutoka jukwaa la pili ndiko kulikonitoa jasho. Maandishi yaliingia mchana mmoja. Nikafurahi, nikatangaza kwamba nimehama. Siku tatu baadaye nikagundua kwamba picha karibu zote zilikuwa bado zinaitwa kutoka kule nilikotoka. Ningefuta akaunti ya zamani jioni ile, zingepotea zote. Nilizirudisha moja moja, usiku nne mfululizo. Viungo vya zamani nilivielekeza upya kwa faili moja la maelekezo linalopakiwa kwenye mipangilio: kushoto anwani ya zamani, kulia mpya. Usilikwepe. Msomaji aliyehifadhi kiungo chako miaka mitano iliyopita ana haki ya kufika.

Mengine kwa haraka. Programu-jalizi za kuongeza ndani, kama walivyozoea watu wa WordPress, jukwaa jingine la blogu, hakuna; unachokikuta ndicho hicho, au uunganishe huduma ya nje. Kutoa maoni ni mpaka msomaji ajisajili, na mimi naona ni sawa. Kutuma machapisho kwa barua pepe kumo humohumo. Ukiwatoza wasomaji ada, Ghost haikati asilimia yoyote, wakati Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, huchukua asilimia 10, ingawa gharama za kuchakata malipo zipo pande zote mbili. Kujiendeshea kwenye seva yako kunataka subira na mtu anayejua kurudisha nakala saa nane za usiku. Kama huyo mtu si wewe, walipe.

Jumapili iliyopita nilichapisha simulizi ya mwisho kati ya zile za bibi nilizookoa, ile ya mtoto aliyekataa kulala. Kabla sijampelekea mtu yeyote kiungo, nilipakua faili, nikalifungua, nikatafuta jina la yule mtoto. Lilikuwepo mara kumi na moja.