Ram 3500 ya Cummins: kuvuta inavuta, we iangalie inavyoteremka

Wakuu, kwa mlioko huku Marekani mnaotaka kuingia kwenye biashara ya kubeba mizigo kwa pikapu na tela, wenyewe wanaita hotishoti, na nyie wa nyumbani mnaoniuliza kila siku hiki chuma kina nini cha ajabu, haya ndo maoni yangu. Gari ni pikapu ya Ram 3500 ya 2022, injini ya dizeli ya Cummins lita 6.7 silinda sita, ile High Output (toleo lenye nguvu zaidi) yenye giaboksi ya kampuni ya Aisin ya gia sita, nyuma ina tairi nne, mbili kila upande. Navuta nalo tela la gusineki la futi 40, lile linalofungwa ndani ya bodi juu ya ekseli siyo kule nyuma kwenye bampa, na juu yake mara nyingi kuna kijiko, mtambo wa kuchimba, cha tani saba hivi. Ukijumlisha gari, tela na mzigo unakuta tani 14 na ushee.

Kwenye kuvuta sina maneno mengi. Nguvu farasi 420, toki (nguvu ya kuzungusha) paundi-futi 1,075, na hiyo toki yote unaipata kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, yani injini bado haijaanza hata kupiga kelele. Taa ikiwaka kijani unaondoka na magari madogo, hulazimiki kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mlimani hewa inapokuwa nyepesi pikapu za petroli zisizo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, zinaanza kuhema, huyu tabo inamlisha anaendelea tu.

Ila mimi sikumpendea hapo. Nendeni Colorado, barabara ya I-70, pale taneli ya Eisenhower, futi zaidi ya 11,000 juu ya usawa wa bahari, mita kama 3,400. Ukitoka upande wa magharibi unashuka kwenda Silverthorne, mwinamo unafika asilimia 7 na ni maili kama nane, na njiani wameweka vile vichepuko vya kokoto vya kudaka malori yaliyokosa breki. Waliowahi kushuka Kitonga na mzigo wanajua naongelea nini. Pale nguvu farasi hazikusaidii kitu, mzigo ndo unakusukuma wewe.

Sasa huyu ana breki ya eksozi, kitufe tu pale kwenye dashibodi. Ukiwasha, tabo inabana njia ya moshi, pistoni zinabaki kusukumana na moshi uliokosa pa kutokea, na injini yenyewe inageuka breki. Naingia kwenye mteremko na maili 45 kwa saa, giaboksi inashusha gia yenyewe, mzunguko unapanda, unasikia muungurumo mzito wa lori kubwa, na mguu wangu uko sakafuni kabisa hauko kwenye pedali. Kwenye kona nagusa breki kidogo naachia, basi. Nikifika chini nikasimama sheli napitisha mkono karibu na rimu, vuguvugu tu, na huku pembeni kuna mtu kashuka kwa breki za miguu mwanzo mwisho, ile harufu ya breki zilizoungua unaisikia kabla hujaliona gari lake. Kwa hili peke yake pesa yangu imelipa.

Sasa tuje kwenye matangazo, hapa ndo watu wanapigwa. Ile paundi 37,090 wanayoitangaza kuwa linavuta, karibu tani 17, ni ya gari la kabini moja, siti mstari mmoja, tairi za nyuma tu ndo zinavuta, na difu ya 4.10, yani yenye uwiano mkubwa wa gia kwa ajili ya kuvuta. Ukiweka kabini ya milango minne na 4x4 kama langu namba inashuka. Halafu gusineki linaweka kama asilimia 20 mpaka 25 ya uzito wa tela mgongoni kwa gari, na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari lenyewe ni paundi 14,000, gari tupu limeshakula kama 8,500, kwahiyo piga hesabu mwenyewe nini kimebaki hapo na bado hujapanda wewe, mafuta na minyororo. Pita mizani kabla hujaingia njia kuu, polisi wa barabarani hawasomi brosha.

Na leseni pia. Tela likizidi paundi 10,000 na jumla ya gari na tela ikazidi 26,000 unatakiwa CDL, leseni ya udereva wa magari ya biashara, daraja A, na wanaangalia uzito ulioandikwa kwenye kibati, siyo lazima uwe umebeba. Ndo maana wasio na CDL wanachukua tela la 12,000, 14,000 ya gari na 12,000 ya tela inatimia 26,000 kamili.

Nisichokipenda: likiwa tupu linaruka kwenye mashimo mpaka chai inamwagika, springi za nyuma zimewekwa kwa ajili ya mzigo. Kupaki mjini ni kesi. Gia sita ni chache, Ford na Chevrolet wako na kumi, na Ford ya 2023 ya High Output inatoa farasi 500 na toki 1,200, kwahiyo kwa namba tupu Ram kaachwa, ila wao Ram wameshaweka gia nane kuanzia 2025. Ukinunua yuzdi ya 2019 au 2020 uliza kama pampu ya mafuta ilishabadilishwa, zile ziliitwa kiwandani zikarudishiwa pampu ya aina ya zamani. Mafuta likiwa na mzigo ni maili 9 au 10 kwa galoni, na usipende kuliacha linaunguruma limesimama masaa, filta ya moshi inajaa masizi.

Mnaouliza kama Land Cruiser mkonga inaweza kazi hii, ile mwisho wake ni kilo 3,500. Kijiko changu peke yake ni mara mbili ya hapo.

Nampa nyota nne. Ukiwa na mizigo ya tani mbili tatu usinunue hili, chukua Ram 2500, mdogo wake, ubaki na hela ya bima, maana bima ya biashara huku ukipewa bei unakaa chini kwanza.