Kibanda umiza cha Isevya: nenda ukausome ubao wake

Tabora mjini vibanda umiza, mabanda ya kutazamia mpira kwa kiingilio, havihesabiki, na karibu vyote vinauza kitu kilekile: runinga kubwa, king'amuzi, mabenchi na kelele. Hiki cha Isevya, kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, kina kitu ambacho sijakikuta kwingine. Kushoto kwa runinga, mama mwenye banda ameangika ubao mweusi wa darasani, na juu yake ameandika kikosi kizima cha timu yetu ya mpira, TRA United, nafasi kwa nafasi, kwa safu tatu. Ya kwanza inaitwa Anayeanza. Ya pili, Anayemfuata. Ya tatu, Wote Wawili Wakikosekana. Mimi ni mwalimu, maisha yangu yote ni chaki, na ninasema bila kuongeza chumvi kwamba ubao huu unafundisha.

Lakini wengine mtataka kujua kwanza habari za runinga na viti, kwa hiyo niziseme. Kiingilio ni Sh 500 kwa mechi za Ulaya na za kawaida za Ligi Kuu, na Sh 1,000 Simba na Yanga wanapokutana. Runinga zipo mbili, picha ni safi, isipokuwa mechi za saa kumi jioni ambapo jua linapenya mlangoni na kuipiga runinga ya kulia, kaa kushoto. Mabenchi ni ya mbao na hayana egemeo. Umeme ukikatika jenereta inawashwa na hakuna anayepitisha kofia. Hili ni jambo kubwa kwangu, maana kuna banda jingine mjini hapa nililipa kiingilio, umeme ukakatika kipindi cha pili, tukaambiwa tuchangie mafuta au twende nyumbani. Hapa bei uliyolipa mlangoni ndiyo bei.

Kasoro yake ni paa. Bati tupu, hakuna dari, na mvua za Novemba zikianza mtangazaji unamwona anafungua mdomo tu. Mama ameambiwa, anasema dari ni mradi wa mwakani, na mwaka jana alisema hivyohivyo. Choo kipo nyuma, kisafi, ila hakina taa, na mechi za Ulaya zinaisha usiku mwingi. Mama yangu, weka taa.

Kwa wanawake wenzangu wanaopenda mpira: benchi la mbele, karibu na meza ya mama, ni letu. Hakuna karatasi iliyobandikwa, ni desturi, na kijana akilikalia wenzake ndio wanaomwinua. Pombe haiuzwi. Kuna chai ya maziwa, karanga za kukaanga, na jioni kuna matobolwa, ambayo ninayasifu kwa dhati. Viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vya kutafuna polepole. Utamu unatoka kidogokidogo, na sahani moja inakufikisha mapumziko. Wageni wa pwani wakija huyaogopa kwa sura. Wakishaonja wanafungiwa na ya kwenda nayo.

Sasa ubao.

Ulianza kwa sababu ya mechi moja ya Agosti 2023. Timu yetu, wakati huo ikiitwa bado Kitayosce, kabla ya kuwa Tabora United, ilikuwa imepanda Ligi Kuu, na mechi yake ya kwanza ilikuwa Chamazi, Dar es Salaam, dhidi ya Azam. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia. Timu zikaingia uwanjani nasi tukaanza kuhesabu: nane. Mama alisogea hadi kwenye runinga akahesabu kwa kidole, akarudia tena. Nane. Wengine usajili wao haukuwa umekamilika, hawakuwa na ruhusa ya kucheza. Feisal Salum akafunga matatu peke yake, Azam wakafikisha manne, wetu wakaumia wakabaki sita, na kwa kuwa sheria hairuhusu timu yenye watu chini ya saba kuendelea, mwamuzi akaimaliza mechi hata mapumziko hayajafika. Mama alisimama mlangoni akamrudishia kila mtu pesa yake. Alisema yeye anauza mechi nzima.

Baada ya hapo ndipo ubao ukaja. Alisema hataki tena kuhesabu wachezaji siku ya mechi, atawahesabu kabla.

Ana sheria zake na hazipindi. Chaki nyeupe ni ya mchezaji ambaye klabu imemtangaza. Njano ni tetesi. Nyekundu ni majeruhi au mwenye adhabu. Kadi tatu za njano zinamkosesha mchezaji mechi inayofuata, kwa hiyo kadi za kila mmoja anaziandika kwenye daftari lilelile la madeni ya chai, na mechi ikikaribia anapitisha kidole kwenye kurasa zote mbili kwa makini yaleyale. Ukimwambia umesikia redioni kwamba mshambuliaji fulani ameshasaini, anakuuliza: "Klabu imesema?" Kama haijasema, jina linaandikwa njano na linabaki njano. Nimeona watu wazima wakimbembeleza abadilishe rangi. Habadilishi.

Faida ya kulitazama jambo kwa namna hii niliiona msimu wa 2024/25. Msimu wa kwanza tulikuwa tumenusurika kwa mchujo, mbele ya Biashara United ya Mara, kwa hiyo wa pili tuliuanza tukiwa na hofu. Kisha ikaja Novemba 7, 2024, Chamazi tena, safari hii dhidi ya Yanga, mabingwa. Tabora United ikashinda 3–1. Offen Chikola akafunga mawili, Salum Chuku moja. Siwezi kueleza kelele za siku ile. Jirani wa mashine ya kusaga alizima mashine akaja kuuliza nani amekufa. Yanga wakaachana na kocha wao Miguel Gamondi siku chache baadaye. Sisi tukaanza kuota nafasi za juu kabisa.

Katikati ya shangwe ile mama alikuwa akitugonga mabegani akisema, "Someni safu ya pili." Hatukusoma. Februari 2025 Simba walikuja kwenye uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi wakatufunga 3–0. Aprili wakaja Yanga, nao 3–0, uwanjani kwetu. Kila mpira una sababu zake nyingi, lakini mimi naamini hivi: kumi na moja wetu wa kwanza waliweza kumpiga yeyote nchini siku wakiwa wazima na wamelala vizuri. Ligi ina mechi 30. Ina safari ya kutoka hapa hadi Ruangwa kwa Namungo, ina Tanga, ina Mbeya, na mengi ya hayo ni barabara. Kikosi chembamba kinaisha njiani.

Ndiyo maana dirisha kubwa la usajili la 2025 lilikuwa na uzito kwetu kuliko fainali yoyote ya Ulaya. Chikola akaenda Yanga. Jina lake likafutwa kwenye safu ya kwanza na mahali pake pakabaki peusi. Wakati huohuo klabu ikabadilika jina, ikawa TRA United, na hapo bandani kulikuwa na mjadala kama jina jipya liandikwe juu ya ubao au la. Mama aliandika TRA United kwa herufi kubwa, na chini yake Tabora, kwa herufi kubwa vilevile.

Jioni moja ya Julai mjadala ulichemka mpaka runinga ikapunguzwa sauti. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaza pengo la Chikola kwa majina matano ya njano, yote washambuliaji, yote kutoka nje, na mmoja wao alisema kanuni inaruhusu wageni 12 kwa hiyo tuwajaze wote. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kiti chake ni kile cha pembeni chenye mto, akaomba nafasi.

"Shikamoo mzee," kijana akamwahi, "lakini timu bila mfungaji inashuka daraja."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mfungaji sijamkataa. Beki wetu wa kushoto ana kadi mbili. Tunakwenda Ruangwa, anapata ya tatu. Mechi inayofuata nani anasimama pale?"

Kijana akatazama ubao. Akataja kiungo mmoja.

"Na pale kwenye kiungo nani?"

Hapo pakawa na kimya kidogo, kisha wote wakaongea kwa mpigo. Mzee akasubiri wamalize. "Treni hailali stesheni kwa kukosa injini tu. Ikikosa breki, injini iwe nzuri namna gani, hatukuiruhusu kuondoka."

Baadaye wakaingia kwenye hesabu ya pesa, na hii ndiyo sehemu ninayotamani kila shabiki aisikie. Mkataba wa Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu, uliosainiwa mwaka 2021, ni wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Inasikika kama bahari. Kijana mmoja akagawa kwenye simu yake: kwa mwaka, halafu kwa timu 16. Haifiki Sh bilioni 1.5 kwa timu, na hapo umejifanya kwamba zote zinakwenda kwa klabu na kwamba wote wanapata sawa, jambo ambalo halipo. Humo kuna mishahara, kambi, hoteli, mabasi, matibabu na vifaa. Sisi si Simba, si Yanga, si Azam. Klabu ya ukubwa wetu ikikosea mchezaji mmoja wa bei kubwa, haina wa pili wa kumfunika.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mzee, na sijali nitaudhi wangapi. Pesa ikiwa ndogo, nunua safu ya pili kwanza. Beki anayeweza kucheza kulia na kushoto ana thamani kuliko winga mmoja mwenye video nzuri mtandaoni. Kipa wa pili awe kipa wa kweli. Wakubwa wana vijana wanaokaa benchi msimu mzima bila jasho; waombwe kwa mkopo, wapate dakika, nasi tupate miguu. Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, imejaa wachezaji waliokwisha kuzoea viwanja vya vumbi na safari za usiku, na bei yao inaeleweka. Na zaidi ya yote, mikataba. Mchezaji anayeng'ara ukimwacha afike miezi yake ya mwisho, anaondoka huru na wewe unabaki na picha ukutani. Mwongezee mapema, hata kama ni kwa kumpunguzia mtu mwingine, ili siku mkubwa akimtaka alipe, na ile ada ikununulie watatu.

Nina jingine linaloniuma kama mwalimu. Mkoa wetu umewahi kupokea UMISSETA ya taifa, mashindano ya michezo ya shule, wanafunzi wa sekondari kutoka kila kona ya nchi wakicheza kwenye viwanja tunavyovipita kila siku kwenda sokoni. Mwaka wowote yakifanyika hapa tena, klabu isikose mtu pembeni ya uwanja mwenye daftari. Kiingilio ni bure. Watoto wa Nzega, Urambo, Sikonge na Igunga wanaocheza peku jioni hawana wakala wala ada ya usajili. Safu ya tatu ya ubao, ile ya Wote Wawili Wakikosekana, ingejaa majina ya nyumbani.

Nilimwambia mama hayo. Akaniambia nimletee majina, atayaandika. Nikamuuliza kwa chaki gani. Akafikiri, akatoa ya kijani ambayo sikuwahi kuiona ikitumika, akaiweka kwenye ukingo wa ubao. Bado iko pale, nzima, na wanangu wawili wa kidato cha tatu ninaowafundisha wanajua kwamba ipo.

Je, banda linastahili safari kutoka Kitete au Cheyo? Kwa mechi tu, labda hapana. Karibu na kwako kutakuwa na runinga nzuri kama hizi, na pengine dari. Kwa kipindi cha usajili, ndiyo, tena hata kwa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Kwingine utasikia majina makubwa yakitajwa mpaka koo zikauke, kila mmoja akimtetea mtu ambaye hajamwona akicheza. Hapa ukitaja jina unaulizwa litakaa safu ya ngapi, litamwondoa nani, na pesa itatoka wapi. Hata vijana wa bodaboda siku hizi wanakuja na beki kwanza.

Dirisha likiwa wazi ubao unapangwa upya kila Jumatatu jioni, kabla ya swala ya magharibi, na siku hiyo hakuna kiingilio, unanunua chai tu. Viti vya mbele vinawahi kujaa. Mzee wa reli ana kiti chake, usikikalie. Na kama una habari ya mchezaji, njoo na uthibitisho, la sivyo jiandae kuliona jina lako la njano likikaa pale mpaka dirisha lifungwe.