Maji baridi: ni koili au themostati?

Hita ya tangi ikigoma, wengi hukimbilia kununua koili, kipande kinachochemsha maji. Tulia. Zima umeme kwenye swichi kuu, chomoa nyaya, chukua mita ya kupimia umeme.

Koili haina mafumbo. Ya kilowati 3 kwa volti 230 husoma takriban omu 18 (omu ni kipimo cha ukinzani). Isiposoma kitu, imekatika.

Themostati, swichi inayowasha na kuzima koili kulingana na joto la maji, ndiyo kigeugeu. Maji yakiwa baridi, inapaswa kupitisha umeme. Isipopitisha, bonyeza kitufe chake cha usalama kabla hujailaumu. Maji yakitoka yanaunguza na vali ya usalama inadondosha maji, huenda themostati imeng'ang'ania kuwaka. Koili haina kosa hapo.

Mimi huanza na themostati: kwa kawaida hutoka bila kumwaga maji. Koili? Andaa ndoo.