Nati moja ya gurudumu la mbele: uzoefu wangu na gereji moja ya Dar

Kama una gari kubwa unalolala ndani yake safarini, usilipeleke kwenye gereji ambayo msimamizi wake anaongea na mume wako wakati dereva ni wewe. Huo ndio ushauri wangu, na kwa leo sina mwingine. Jina la gereji silitaji. Ni kubwa, ipo Dar, na mabasi hupanga foleni getini kwao, kitu ambacho ndicho kilichonivutia nikapeleka gari pale.

Gari letu ni Coaster iliyokuwa ya shule. Tuling'oa viti, tukaweka kitanda, jiko la gesi, betri ya pili na tangi la maji. Sifa za injini mtazikuta kokote. Ninachotaka mjue ni kwamba gari la namna hii halishushi mzigo. Basi likifika stendi abiria wanateremka, lakini letu linabaki na nyumba yote mgongoni usiku na mchana. Maji peke yake, lita 150, ni kilo 150, na tangi lenyewe limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya kilo hizo, na ya mbele inapunguziwa uzito, usukani unakuwa mwepesi. Kwa hiyo kila tunapojiandaa kwa safari ndefu nataka magurudumu yote yafunguliwe, beringi zioshwe, zikaguliwe, zipakwe grisi mpya, sili zibadilishwe. Ni kazi ya kawaida. Sikuomba muujiza.

Nilimwomba msimamizi kitu kimoja tu: fundi akifika kwenye kufunga nati ya habu za mbele, yaani vile vitovu vya magurudumu, niitwe nisimame pale. Akanitazama, kisha akamgeukia mume wangu akasema, "Baba, wewe njoo uone. Mama akae kwenye benchi pale, hapa si jikoni."

Mume wangu akamwambia kwamba gari ni langu, naendesha mimi, na yeye hajui hata beringi ya ndani ni ipi na ya nje ni ipi. Yule bwana akacheka. Alicheka! Nikakaa kwenye benchi kwa sababu gari lilikuwa limeshapandishwa juu ya jeki, magurudumu yametolewa, na sikuwa na pa kulipeleka likiwa katika hali ile. Nimelifikiria lile neno jikoni kila siku tangu hapo.

Sasa niwaeleze kwa nini nilitaka kusimama pale. Beringi za mbele za gari kama letu ni za rola zilizolala mshazari. Nati yake haikazwi tu ukaondoka. Unaikaza huku unazungusha gurudumu ili rola zikae mahali pake, unailegeza, kisha unairudisha kidogo kidogo mpaka ule mchezo wa gurudumu, yaani kutikisika kwake, uishe, lakini bado lizunguke bila kusuasua. Halafu unaifunga isitembee. Ikilegea mno gurudumu linacheza na beringi inajigonga. Ikikazwa mno rola zinakosa nafasi, grisi inachemka, chuma kinababuka. Mkono wa fundi mzoefu unajua. Mkono wa kijana anayeharakishwa afungue gari la pili haujui, na pale vijana walikuwa wanaharakishwa.

Tukaondoka alfajiri kuelekea Mbeya. Mimi ni mtu wa kuhesabu mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na mimi naisoma. Dizeli inaongezeka bei kadiri unavyoiacha bandari, kwa hiyo najaza tangi Dar. Nikijaza Dar napita Iringa bila kugusa pampu, na tukifika Mikumi mshale unakuwa bado juu ya nusu. Mwendo wangu ni 80, sizidishi, kwa sababu gari lenye umbo la sanduku kama letu linapigana na upepo, na nguvu ya upepo inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 80 kwenda 100 nguvu inayokukabili inazidi kwa zaidi ya nusu. Upepo wa tairi napima asubuhi zikiwa baridi. Hayo yote yalikuwa sawa. Lakini safari hii, Mikumi mshale ulikuwa umeshuka chini ya nusu.

Nilihisi kabla ya hapo pia. Ukitoa mguu kwenye mafuta sehemu tambarare, gari lilikuwa linapunguza mwendo haraka, kana kwamba kuna mtu ameshika breki. Ndani ya hifadhi nilisema labda ni mwendo wa 50 na yale matuta. Tulipoingia kwenye bonde la mibuyu, kabla ya Ruaha Mbuyuni, harufu ikaja. Wanaoijua harufu ya lainingi ya breki iliyoungua hawaichanganyi na kitu kingine.

Nikaegesha. Usiguse habu kwa kiganja ukishuka, tafadhali. Nilinyunyizia maji kidogo. Upande wa kulia yalitiririka tu. Upande wa kushoto yalichirizika yakapotea hapo hapo, na kifuniko cha habu kilikuwa kimebadilika rangi.

Lori lililokuwa linakwenda Tunduma likasimama bila hata sisi kupunga mkono. Dereva akashuka na utingo wake. "Shikamoo mama, kuna shida gani?" Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Tukasubiri gurudumu lipoe, wakapiga jeki. Gurudumu lilikataa kuzunguka kwa mkono. Walipofungua kifuniko grisi ilikuwa nyeusi, imekuwa majimaji, na rola za beringi ya nje zilikuwa na rangi ya bluu, ile ambayo chuma kinaipata kikiungua. Dereva akaishika nati, akatikisa kichwa. "Mama, aliyefunga hii aliikaza kama nati ya ringi." Breki nayo walikuwa wameibana mpaka lainingi ikawa inasugua dramu muda wote, tangu getini kwao. Dizeli yangu ilikuwa inakwenda huko. Beringi peke yake haiwezi kunywa kiasi kile, ila breki inayoshika inaweza, na moto wake ndio uliomalizia beringi.

Mbele yetu ilikuwa Kitonga. Mliopita mnajua ile milima, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza na mengine yanateremka yakiwa yamejaa. Nilikuwa na wajukuu kitandani nyuma. Nikiwaza gurudumu lingegoma kwenye kona mojawapo ya pale, mikono inatetemeka mpaka sasa.

Nikampigia msimamizi pale pale, nimesimama kwenye vumbi. Akasema gari lilitoka kwake likiwa zima. Nikamwambia beringi imeungua. Akasema, "Dizeli inakwenda kwa mguu wa dereva, mama. Ukirudi tutakusafishia nozeli." Nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye injini! Namwambia gurudumu limeungua, ananiuzia nozeli. Akakata simu.

Utingo alipanda basi kwenda Iringa kununua beringi na sili, kwa pesa yangu, akarudi nayo jioni. Wale watu wawili walichelewa safari yao kwa ajili yetu na walikataa kulipwa zaidi ya nauli na chakula. Dereva alinisimamisha karibu naye, akaniwekea mkono wangu juu ya tairi, juu na chini, nisikie mchezo unavyopungua kadiri nati inavyoingia, mpaka ukaisha. Nilijifunza kwa dakika zile kuliko miaka yote niliyolipa mafundi. Kutoka pale hadi Mbeya kila tuliposimama nilinyunyizia habu zote nne, na mshale ukarudi kwenye tabia yake.

Sasa, haki lazima niiseme hata kama inaniuma. Gereji hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, ilinitibia ekseli ya nyuma tatizo lililoshinda gereji nyingine zote. Difu, zile gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa inavujisha oili kupitia sili ya gurudumu, lainingi inalowa, sili inabadilishwa, baada ya muda inavuja tena. Pale kuna mzee mmoja mfupi, mkimya. Hakugusa sili kwanza. Alipapasa juu ya ekseli, akakuta kitundu cha pumzi kimeziba kwa tope lililokauka. Difu ikipata moto hewa ndani inatanuka, na ikikosa pa kutokea inaisukuma oili ipenye kwenye sili, hata iwe mpya. Akakizibua, ndipo akabadilisha sili. Mpaka leo nyuma ni pakavu kabisa. Tena alinieleza haya bila kuulizwa, akiniita mama kwa heshima, wakati bosi wake yuko mbali.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Kisha nikamkumbuka mzee, nikasema nendeni, ila mumwombe yeye. Lakini nikiandika hivyo naona uso wa yule msimamizi akicheka, na naona wajukuu wangu wamelala nyuma, na nasema hapana. Mzee hana magurudumu yote ya gereji mikononi mwake. Anayepanga nani ashike gari gani, na kwa haraka kiasi gani, ni yule yule aliyenituma kwenye benchi. Msiende.

Mkienda hata hivyo, kwa sababu ya difu, kataeni mtu mwingine asiguse mbele. Na kabla hamjalipa, gari likiwa bado juu ya jeki, zungusheni kila gurudumu kwa mkono wenu wenyewe. Wakikataa, ondokeni.

Risiti ya beringi ya Iringa ninayo, na picha ya ile iliyoungua nimeshawatumia. Hawajajibu. Wakilipa nitaandika hapa kwamba wamelipa.